Nani anacheka, nani anachekwa?

Kila aliyekulia kwenye mabanda ya video anaijua kanuni ya kwanza ya sinema: stelingi hafi. Kwenye filamu za kutisha za Marekani kuna ya pili, nayo hatukuhitaji kufundishwa: mtu mweusi hafiki mwisho.

Leo nataka tuzungumzie zile filamu zinazotisha na kuchekesha kwa wakati mmoja, zenye damu nyingi na mzaha mwingi. Wengi wetu tunaziona upuuzi wa kupotezea muda Jumamosi usiku. Mimi nasema humo ndimo unapoona jamii inamthamini nani, maana mtu akicheka hujisahau.

Chukua Scream 2 ya mwaka 1997. Mwanzoni kabisa Jada Pinkett yuko sinema na mpenzi wake, analalamika kwamba filamu za kutisha zimewatenga watu weusi. Dakika chache baadaye wote wawili wamechomwa visu, na wao ndio wa kwanza kufa. Yaani wenye filamu waliujua ugonjwa, wakautania, halafu wakaendelea nao!

Mwaka 2000 ikaja Scary Movie. Mwongozaji ni Keenen Ivory Wayans, na wadogo zake, Shawn na Marlon, ni miongoni mwa waandishi na waigizaji. Hapa Regina Hall anapiga domo sinema mpaka watazamaji wenyewe wanamuua. Ni kejeli kwa ile Scream 2, na safari hii utani wameushika weusi wenyewe. Safi. Lakini angalia nani anachekwa humo humo: kijana anayeficha kwamba anapenda wanaume, na mwalimu wa kike wa michezo mwenye misuli kama mwanamume. Vichekesho vyao karibu vyote ni hayo tu. Waliokuwa wakichekwa wamesimama, na kiti chao wamewapa wengine.

Je, dawa ni kuweka wanawake kwenye uandishi na uongozaji? Jennifer's Body ya mwaka 2009 iliandikwa na Diablo Cody, ambaye tayari alikuwa na Oscar ya Juno, ikaongozwa na Karyn Kusama. Bendi ya wanaume inamtoa kafara msichana ili ipate umaarufu, naye anarudi akiwa shetani anayekula wavulana. Kiini chake ni urafiki wa wasichana wawili. Wauzaji wakaitangaza kwa vijana wa kiume, mtaji wao ukiwa mwili wa Megan Fox. Filamu iligharimu dola milioni 16, ikaingiza kama milioni 31 duniani kote, ikahesabiwa imeanguka. Wanawake wa Hollywood walipoanza kuzungumza hadharani mwaka 2017 kuhusu unyanyasaji wa kingono, wakosoaji wengi waliirudia na kuisifu. Filamu yenyewe haikubadilishwa hata sekunde moja. Kumbe hata anayechora bango la matangazo ana sauti katika jambo hili.

Kwangu mimi, iliyokaribia zaidi ni The Blackening ya Tim Story, iliyoingia kwenye majumba ya sinema mwaka 2023. Marafiki weusi wamekwama kwenye nyumba msituni, muuaji anawaamuru wamtoe aliye mweusi kuliko wote. Kila mmoja anaanza kujitetea kwamba weusi wake hautoshi! Mmoja wa waandishi wake wawili, Dewayne Perkins, ni shoga, na amejiandikia nafasi ya shoga ambaye ana akili, ana hasira, ana marafiki. Anachekesha, lakini hachekwi kwa kuwapo tu.

Najua kuna watakaosema mzaha ni mzaha, tusiharibu starehe. Mbona starehe hiyo miaka yote imelipiwa na watu wale wale? Na wala utani haujapungua makali kwa kuandikwa na anayeujua uchungu wake. The Blackening inachekesha kuliko nyingi nilizozitaja.

Kwa hiyo ukisikia filamu inasifiwa kwamba ina weusi, wanawake na kila aina ya watu, usiishie kuhesabu sura kwenye kava. Angalia nani kaandika utani, na ukumbi unapocheka, unamcheka nani.

Wewe unaonaje? Naomba tubishane, ila kwa hoja.