Kabla ya Kupiga Windows Upya

Kompyuta ya mwanafunzi wa programu ikigoma mjini Kigali, ushauri anaopewa na wenzake ni uleule unaosikika Kariakoo jijini Dar es Salaam na River Road jijini Nairobi: piga Windows upya. Ni ushauri mbovu. Unafuta kosa pamoja na ushahidi wake, unakula bando la gigabaiti kadhaa, na programu zilezile zikirudishwa kwa mtindo uleule, ugomvi unaanza tena.

Ugomvi wenyewe mara nyingi ni wa namba. Kila seva inayoendeshwa ndani ya kompyuta husikiliza kwenye poti yake: MySQL kwa kawaida hukaa 3306, PostgreSQL 5432. Poti ni kama mlango wa duka; akishakaa muuzaji mmoja, wa pili hana pa kupanga bidhaa. Miaka ya nyuma Skype ilikuwa na tabia ya kushika poti 80, na mwanafunzi aliyewasha XAMPP akaiona seva yake ya wavuti, Apache, inakataa kuamka aliilaumu Apache. Mwaka 2021 kisa kikajirudia kwenye Mac: toleo la Monterey lilikuja na huduma ya AirPlay iliyokalia poti 5000, ambayo ndiyo Flask, zana ya Python ya kujengea tovuti, huitumia isipoambiwa vinginevyo. Msimbo wa watu haukuwa na kosa hata moja.

Chanzo kingine ni njia. Ukiandika amri, mfumo hupitia folda zilizopangwa katika orodha iitwayo PATH na kuchukua programu ya kwanza inayokutana nayo, hata kama toleo ulilolitaka lipo folda tatu mbele. Ndiyo maana mtu husakinisha Java mpya na bado akajibiwa na ya zamani. Tangu sasisho la Windows 10 la Mei 2019, kuandika “python” kwenye mashine isiyo na Python hufungua duka la Microsoft, jambo lililowaduwaza wengi. Debian 12 ya mwaka 2023, moja ya mifumo ya Linux, nayo huizuia pip, zana ya kusakinisha vifurushi vya Python, kuviingiza kwenye Python ya mfumo, kwa sababu zana za mfumo wenyewe huitegemea Python hiyo. Wapo wanaoulazimisha mlango huo kwa chaguo liitwalo --break-system-packages. Jina lenyewe limeshasema kitakachotokea, lakini nani anasoma?

Kigali haijakaa bure. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kilianzisha tawi lake la Afrika mjini humo mwaka 2011, kitovu cha teknolojia cha kLab kikafunguliwa Kacyiru mwaka 2012, na mwaka 2019 shule ya Rwanda Coding Academy ikaanza Nyabihu, kaskazini magharibi mwa nchi. Tatizo ni kwamba, kama ilivyo karibu kila mahali, sifa huenda kwa anayeandika msimbo, wala si kwa anayejua kwa nini msimbo wa jana leo hauendi. Hata MIT ililiona pengo hilo: Januari 2020 ilitoa kozi fupi iliyoitwa The Missing Semester of Your CS Education, ya kufundisha zana ambazo masomo ya kawaida huziruka.

Watasema Docker, zana inayofungasha programu pamoja na vyote inavyovihitaji, imeshamaliza kesi. Tangu itoke mwaka 2013 imesaidia sana, kweli. Lakini kwenye Windows inahitaji mashine pepe, na kwa miaka mingi aliyewasha Hyper-V, mfumo wa Microsoft wa mashine hizo, alijikuta VirtualBox, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, haifanyi kazi. Toleo la 6.0 la VirtualBox, lililotoka mwishoni mwa 2018, ndilo lililoanza kuziruhusu ziishi pamoja, tena kwa kujikokota. Mwenye laptopu ya mtumba yenye RAM ya gigabaiti 4 anajua kilichobaki baada ya Docker kushiba.

Dawa iliyo karibu ni mtihani. Mwanafunzi apewe kompyuta yenye Java mbili na poti iliyokaliwa, saa moja, na katazo la kusakinisha chochote upya. Aandike “where java” aone ipi inatangulia. Aandike “netstat -ano” apate namba ya mchakato ulioshika poti, kisha aufuate hadi aijue programu. Alama zitolewe kwa maelezo ya alichokikuta, hata kama muda umemwishia kabla ya kukirekebisha. Kompyuta za maabara zilizopo zinatosha, na mwalimu anaweza kuuandaa ugomvi huo asubuhi moja.