Makarani wa chuo nao wapande ngazi

Kila Kinshasa inapotangaza kamati mpya za usimamizi wa vyuo vikuu na taasisi za juu, huku kwetu Kivu Kaskazini simu hazipumui. Masisi wanauliza: mtoto wa nani amepewa? Walikale wanauliza hivyo hivyo. Mbuzi anachinjwa, vigelegele vinapigwa, picha ya mteule ndani ya suti inazunguka kwenye WhatsApp kutwa nzima. Kuna swali moja dogo, la kuudhi, ambalo halisikiki katika shangwe hizo: huyu bwana amewahi kuendesha ofisi?

Sisi tunaliuliza. Kuendesha chuo ni kazi yenye ufundi wake. Inafundishika, inazoeleka kwa miaka, na ikifanywa vibaya wanaoumia ni watoto wa watu. Nchi yetu imeendelea kuigawa kama zawadi.

Ramani ya madaraka inajulikana. Juu kabisa yupo rekta, au mkurugenzi mkuu kama ni taasisi ya juu, mfano wa ISP (taasisi ya juu ya ualimu) ya Walikale au ISP ya Machumbi kule Masisi. Baada yake yupo katibu mkuu wa masomo, katibu mkuu wa utawala, na msimamizi wa bajeti ambaye wote tunamwita AB. Hao ndio nguzo za kamati. Wanafuata maprofesa, wakuu wa kazi (CT) na maasistanti. Mwisho wa orodha, na mwisho wa heshima, wapo PATO, yaani watumishi wa utawala, wa ufundi na wa kazi za mikono: apariteri anayeandikisha wanafunzi, mwenye kasha anayepokea minervali, yaani ada ya masomo, katibu wa seksio anayepanga pointi, mtunza maktaba, tarishi, mlinzi wa usiku.

Kamati huondolewa kwa karatasi moja inayosomwa kwenye RTNC, televisheni ya taifa. Apariteri hasomwi popote, na mara nyingi ndiye pekee anayekumbuka kamati iliyopita iliacha nini kabatini.

Tazama yaliyotupata. Rubaya iliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwisho wa Aprili 2024. Mwanzoni mwa Januari 2025 ikafuata Masisi-centre, kisha Sake na Goma kabla mwezi huo haujaisha. Tarehe 19 Machi wakaingia Walikale-centre, wakaiacha wiki kama mbili baadaye. Kila mji unapopata bwana mpya, chuoni kunakuwa na hoja moja ya haraka: madaftari yako wapi? Ziko wapi kumbukumbu za vikao vya matokeo (PV za deliberasio), orodha za walioandikishwa, vitabu vya stakabadhi, mihuri? Mwanafunzi aliyemaliza mwaka wa pili Masisi, akakimbilia kambi ya Bulengo, na kambi zilipovunjwa akaishia Butembo au Kisangani, anahitaji releve, yaani karatasi rasmi ya pointi zake, ili chuo kingine kimpokee. Releve hiyo haitoki kwa rekta wala kwa waziri. Inatoka kwa mtu anayejua daftari lipi, ukurasa upi, na aliyetia sahihi ni nani. Mtu huyo akiwa amekimbia bila nakala, au akiwa amekata tamaa na kwenda kulima, kijana anaanza upya mwaka wa kwanza. Miaka miwili ya maharage aliyouza mama yake kulipia masomo imekwenda hivyo.

Na mtu huyo tunamlipa nini? Wapo wanaofanya kazi bila namba ya matrikule. Wapo wenye matrikule bila mshahara, na wenye mshahara bila primu, yaani posho. Wapo waliopata mvi wakiwa bado wanahesabiwa kuwa NU, watumishi wapya wanaongoja kuingizwa kwenye orodha ya malipo. Hawa wanaishi kwa primu ya ndani, yaani kwa minervali inayolipwa na mchimbaji wa koltani wa Rubaya, mchuuzi wa kasiteriti wa Ndjingala, mfugaji anayetengeneza jibini milimani Masisi. Barabara ya Sake ikifungwa, soko linalala, minervali haiingii, na sufuria ya apariteri inakauka. Hata wachache wanaopata mshahara wa serikali walipata pigo mwisho wa Januari 2025, mabenki ya Goma yalipofunga milango, ikabidi pesa itafutwe mbali na nyumbani.

Mtu aliyeachwa hivyo akiuza pointi, sisi hatumtetei. Lakini tunajua mlango wa kuuzia pointi ulifunguliwa na nani.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Mwaka 1971 Mobutu alikusanya Lovanium ya Kinshasa, chuo cha Lubumbashi, kile cha Kisangani na taasisi za juu, vyote vikawa UNAZA, chuo kimoja cha taifa. Monsinyori Tharcisse Tshibangu, msomi ambaye hata wapinzani wake hawakumdharau, akawa rekta wa nchi nzima. Kila jambo likawa linapandishwa Kinshasa: nani ateuliwe, nani ahamishwe, kiti gani kinunuliwe. UNAZA ilivunjwa mwaka 1981. Mazoea hayakuvunjwa. Mpaka leo mkuu wa taasisi ndogo ya Walikale anautazama mji mkuu kuliko anavyoitazama ofisi yake mwenyewe, kwa sababu kilichompa kiti kiko huko, na kitakachomtoa kiko huko.

Mtu atasema sheria ipo. Ni kweli. Sheria namba 18/038 ya tarehe 29 Desemba 2018 iliwapa watumishi wa elimu ya juu hadhi yao wenyewe, PATO wakiwemo. Ngazi zipo: tarishi, agenti, atashe, mkuu wa ofisi, mkuu wa divisheni, mkurugenzi. Lakini ngazi hizo zinafika mlangoni mwa kamati na kukatika. Kiti cha katibu mkuu wa utawala na cha AB, ambavyo kwa haki vingekuwa kilele cha safari ya mtumishi wa utawala, kwa desturi vinakwenda kwa walimu. Mtaalamu wa isimu anakabidhiwa bajeti. Anajifunza tofauti ya fakitura na stakabadhi akiwa tayari ameketi, na mwaka anapoanza kuielewa kazi anabadilishwa. Chuo kinapoteza mara mbili: mwalimu ameacha kufundisha, na hesabu hazijanyooka. Nyuma ya mlango yupo mkuu wa divisheni ambaye amezishughulikia hesabu hizo miaka yote, na ndiye anayemwandikia AB taarifa ya kusoma mbele ya kamati.

Uganda walilifikiria jambo hili mapema. Sheria yao ya vyuo vikuu ya mwaka 2001 inamweka kando ya makamu wa chansela katibu wa chuo, ambaye anashika muhuri, anasimamia mali na kujibu kuhusu fedha. Inamweka pia msajili wa masomo, ambaye anajibu kuhusu uandikishaji, mitihani na vyeti. Ni ofisi za watu wa kazi hiyo, wanaopitia mikono ya baraza la chuo. Makerere haikugeuka pepo kwa sababu hiyo. Mwaka 2017 ilitikiswa na kashfa ya alama zilizochezewa kwenye kompyuta. Lakini ilipolipuka, ilijulikana ofisi gani iulizwe. Kwetu, pointi zikipotea, kila mmoja anamwonyesha mwenzake, na mwisho kosa linaangukia vita.

Wala hatusemi mtu wa ofisi anatosha peke yake. Tanzania walijaribu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliposimama chenyewe mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alimpeleka Pius Msekwa kuwa makamu mkuu. Huyo hakuwa profesa: alikuwa amekuwa karani wa Bunge, kisha katibu mtendaji wa chama tawala, TANU. Ofisi aliijua vizuri. Lakini alikuja na kofia ya chama, na mwaka uliofuata tu, Julai 1971, kiongozi wa wanafunzi, Akivaga, aliyeandika barua ya wazi dhidi ya uongozi, aliondolewa chuoni na askari na kurudishwa kwao Kenya. Ustadi wa ofisi ulikuwepo. Kilichokosekana ni mkuu ambaye waliomo chuoni wangeweza kumhoji bila kuogopa bunduki. Wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa maana ya hilo.

Tuje kwenye makazi ya wakuu. Kuna taasisi zinazoongozwa kwa simu, mkuu akiwa Goma, au mbali zaidi. Kutoka Goma hadi Walikale-centre ni zaidi ya kilomita 200 za matope na vizuizi, na hatumlaumu aliyekimbia risasi. Tunamlaumu aliyekuwa akiishi Goma kabla ya risasi. Chuo cha Masisi kinahitaji mtu anayelala Masisi, anayejua kwamba soko la wiki linapunguza wanafunzi darasani, anayemjua mwami, paroko na pasta kwa majina, anayeweza kwenda mwenyewe usiku kuhamisha sanduku la madaftari.

Kazi ya mtu wa namna hiyo leo ni ngumu kuliko zamani. Mkuu wa taasisi katika sehemu za Masisi anasoma maagizo ya mwaka wa masomo kutoka Kinshasa huku akiishi chini ya utawala mwingine. Akitii upande mmoja anashtakiwa na mwingine. Hapo ndipo utaalamu unapookoa: mtu mwenye kanuni za kazi yake anaweza kuwaambia wote wawili kwamba daftari la mitihani halina bendera. Mteule aliyeletwa na kabila au chama hana la kuwajibu.

Kabila, ndiyo. Tuseme wazi, maana kulificha hakujasaidia. Masisi watu wanahesabu Wahunde wangapi, Wahutu wangapi, Watutsi wangapi. Walikale wanahesabu Wanyanga, Wakano, Wakumu, Watembo. Hesabu hiyo haitakoma kesho, na katika nchi iliyomwaga damu kiasi hiki, kutaka kila jamii ijione ofisini si upumbavu. Ila iwe hesabu ya waliofaulu. Mashindano yatangazwe, mitihani isahihishwe nje ya jimbo kama inabidi, kisha ndipo uwiano utazamwe kati ya waliopita. Kwa sasa tunaanza na uwiano na hatufiki kwenye mtihani.

Wanawake nao? Wizara ya elimu ya juu inaongozwa tangu 2024 na mwanamke, Marie-Thérèse Sombo. Katika taasisi za huku wamejaa kwenye mashine za kuchapa na kwenye kasha, na wanaadimika unapokaribia meza ya kamati. Mama anayeshika pesa za chuo miaka yote bila kukosekana faranga, kwa nini asifike kuwa AB?

Mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora) umeongeza uzito wa kazi za ofisini. Ulianza mwaka wa masomo 2021-2022 chini ya aliyekuwa waziri, Muhindo Nzangi, mtoto wa jimbo hili hili, na kuleta semesta, krediti na hesabu ambazo daftari la zamani halikuzijua. Kinshasa zilifanyika semina nyingi. Kijijini mzigo ulimwangukia katibu wa seksio mwenye paneli moja ya jua na kompyuta inayosuasua. Huyo ndiye wa kupelekwa mafunzo kwanza. Maprofesa watasubiri, wamezoea semina.

Kwa hiyo tunaiomba wizara ifanye machache ambayo hayangoji amani. Viti vya katibu mkuu wa utawala na vya AB vifunguliwe kwa PATO waliofika ngazi ya mkuu wa divisheni, kwa mashindano. NU wa ofisi za apariteri na za kasha katika Masisi na Walikale waingizwe kwenye malipo kabla ya kiti kipya chochote kuundwa. Anayeteuliwa aishi kwenye chuo chake, na akishindwa kwa sababu ya usalama, mamlaka yake yakabidhiwe kwa maandishi aliyebaki pale, pamoja na primu ya cheo.

La mwisho ndilo rahisi kuliko yote. Simu ya kawaida inaweza kupiga picha daftari zima la mitihani la mwaka kwa mchana mmoja, na picha hizo zikawekwa Kisangani, Beni na Kinshasa kwa wakati mmoja. Kinachokosekana ni amri ya kufanya hivyo, jina la atakayeifanya, na malipo yake. Mheshimiwa Waziri Sombo anaweza kuyaandika yote matatu katika barua ya ukurasa mmoja.