Mizani ya Abiria na Mkia wa Ndege

Katika viwanja vyetu vya ndege ndogo, kuanzia Unguja na Mafia hata Wilson kule Nairobi, si ajabu kumwona muungwana akihamaki kwa kutakiwa apande mizani pamoja na mkoba wake, au akinuna kwa kuambiwa ahame kiti cha nyuma akakae mbele, akidhani kwamba amevunjiwa heshima mbele ya hadhara. Nionavyo mimi, lau angalijua ndege ile huongozwaje, angaliipanda mizani hiyo kwa ridhaa yake.

Tutazame Cessna Caravan, ndege ya injini moja ya tabaini iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1982, ambayo wasafiri wa visiwani na wa mbugani wanaijua sana. Rubani wake haongozi kwa msaada wa kompyuta wala wa haidroliki. Usukani aushikao na pedali azikanyagazo zimeungwa na nyaya za chuma, zipitazo katika roda mpaka kwenye vipande vilivyofungwa kwa bawaba mbawani na mkiani. Akizungusha usukani kulia, kipande cha bawa la kulia huinuka na cha kushoto hushuka, ndege ikalalia kulia. Akikanyaga pedali, shikio la wima mkiani huigeuza pua. Na akisukuma usukani mbele, vipande vya mkia vilivyolala hushuka, hewa ikauinua mkia, pua ikainama.

Lakini kila kipande kina kikomo chake cha kupinda. Shehena ikizidi nyuma, pua hutaka kupanda, naye rubani husukuma usukani ili aizuie. Na vipande vya mkia vikifika kikomo ilhali pua ingali yapanda, basi hata awe hodari namna gani, hana hila iliyobaki, kwani pua ikipindukia juu mbawa hupoteza nguvu ya kuibeba ndege, ikaanguka.

Haya si dhana tupu. Tarehe 8 Januari 2003, huko Charlotte nchini Marekani, ndege ya aina ya Beechcraft 1900D ilianguka punde tu baada ya kuruka, wakafariki watu wote 21 waliokuwamo. Uchunguzi ulibainisha mambo mawili yaliyokutana: kwanza, siku mbili kabla, katika matengenezo, nyaya za mkia zilikazwa visivyo, hata vipande vyake vikawa havishuki ila karibu nusu ya inavyopasa, pili, shehena ilielemea nyuma kupita kiasi, ingawa hesabu ya karatasi ilionyesha kwamba yote ni sawa, kwa sababu abiria hawakupimwa, bali walikadiriwa kwa wastani uliokuwa chini ya uzito wao wa kweli. Ndege hiyo ilikwisha safiri mara tisa na kasoro ile ile ya nyaya, ikafika salama. Safari ya kumi ndipo uzito wa nyuma ulipodai msaada ambao mkia haukuweza tena kuutoa.

Wako watakaosema kwamba kupimwa hadharani ni fedheha, nami sitawapinga, maana karani atangazaye kilo za mtu kwa sauti mbele ya foleni hana adabu. Dawa yake ni nyepesi: tarakimu zielekezwe kwa karani peke yake, na sababu ielezwe kwa lugha ya staha. Lakini asiwepo wa kusamehewa mizani kwa ajili ya cheo chake au ujirani wake na mwenye kampuni, wala asiwepo wa kulaani saa nzima ya kungoja fundi akague nyaya. Kwani fundi hulinda uwezo wa mkia, na mizani hulinda mkia usidaiwe zaidi ya uwezo huo, na rubani hutegemea amana ya wote wawili kabla hajaugusa usukani.