Ndege ikianguka, kwa nini tunanyamaza?

Katika nchi yetu ya Kongo mwenye safari hana njia nyingi. Barabara zimeharibika, reli ni chache, mto haufiki kila mahali. Kwa hiyo mgonjwa, mwalimu, mchuuzi na padri, wote hupanda ndege ndogo, nao wanajua kwamba ndege hizo huanguka. Lakini leo nataka kusema juu ya mambo yanayofuata maziko. Tunalia siku chache, tunataja uchawi au mapenzi ya Mungu, kisha tunanyamaza. Kunyamaza huko kunawaandalia wengine kaburi.

Tukumbuke Bandundu. Tarehe 25 Agosti 2010 ndege ya namna ya Let L-410, iliyotoka Kinshasa, ilianguka juu ya nyumba karibu na uwanja. Walikuwamo watu 21, wakafa 20. Kwanza ilisemwa kwamba mafuta yaliisha. Baadaye yule mmoja aliyepona akasimulia mengine: msafiri alificha mamba mzima katika mfuko, mamba akatoka, watu wakakimbilia mbele kwa hofu, ndege ikakosa usawa. Dunia nzima ikacheka, na wafu wakasahauliwa kwa ajili ya mamba.

Mwenye akili hacheki, huuliza. Kila mvuvi wa mto Kwilu anajua: watu wakikimbilia wote mbele ya mtumbwi, maji yanaingia. Ndege nayo ni vile vile. Uzito ukihama kupita kiasi, mkia hauwezi tena kuiinua pua, hata rubani awe hodari namna gani. Basi, kama habari ya mamba ni kweli, nani aliukagua mfuko ule? Na kama ni mafuta, nani aliyapima? Hayo ni magonjwa mawili, na dawa zake ni mbili. Asiyeujua ugonjwa atatoa dawa gani?

Sasa tazameni kwingine. Tarehe 8 Januari 2003, huko Charlotte, Marekani, ndege ndogo ya Beech 1900 ilianguka mara ilipoondoka. Humo pia walikuwamo watu 21, na wote walikufa. Wachunguzi waliokota vipande, wakasoma vitabu vya mafundi, wakapima mizigo. Waliona mambo mawili. Kwanza, mafundi walikuwa wamefunga vibaya nyaya zinazoendesha mkia. Pili, ndege ilikuwa nzito mno upande wa nyuma. Marubani walikuwa wamehesabu uzito kwa kufuata kanuni, kumbe kanuni yenyewe ilikuwa ya uongo, kwa maana ilimhesabu kila msafiri kuwa mwepesi kuliko alivyo kweli. Ndipo hesabu hiyo ikasahihishwa. Nayo kampuni, mwaka 2005, ilikiri kosa mbele ya watu na kuomba msamaha. Hivyo kifo cha watu 21 kiliwafundisha walio hai.

Wengine watanijibu: «Uchunguzi ni mali nyingi, na ndege ndogo huua watu wachache.» Wachache! Mwambieni hayo mjane wa Bandundu. Tena ndege ndogo nyingi hazina chombo cha kuandika mambo ya safari. Kwa hiyo vipande vyake na maneno ya walioona ndiyo ushuhuda tulio nao. Vikipotea, ukweli umepotea.

Wengine husema: «Mtafuteni mwenye kosa, mfungeni, yamekwisha.» Hapana. Mataifa yaliyopatana juu ya safari za anga, na Kongo imo, yana kanuni: shabaha ya uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, wala si kumtwika mtu lawama. Mahakama ina kazi yake, na uchunguzi una kazi yake. Fundi akijua kwamba kila neno lake litampeleka gerezani, atafunga kinywa, na ndege ya pili itaanguka kwa kosa lile lile.

Na wale wanaosema ni mapenzi ya Mungu, wasimsingizie Mungu uvivu wetu. Mungu hakuufunga waya vibaya. Alitupa macho tuone na akili tuulize.

Basi kila mmoja ashike wajibu wake. Serikali ichunguze kila ajali, hata ya ndege ya watu watano, na taarifa isifichwe kabatini. Isomwe kwa lugha ambayo wasafiri wanaielewa. Kampuni ipime mizigo kwa kilo, si kwa macho. Sisi wanakijiji tusichukue mabati ya ndege iliyoanguka kuezekea jikoni, maana labda bati hilo ndilo shahidi. Na wewe msafiri, usimpe mpimaji kitu mkononi ili mzigo wako upite. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Kilio tumekisikia mara nyingi. Sasa tutake kusikia sababu.