Kompyuta ya Nyumbani: Tupandishe au Tuache?

Mwezi huu naomba tuweke pembeni habari za wivu na mawifi, tuongelee kitu kinacholeta ubishi katika nyumba nyingi za vijana wenye kazi zao huku kwetu Shinyanga, Kahama na Geita. Ni ile kompyuta ya nyumbani. Imekula miaka, kampuni imesema Windows yake imefika mwisho, mmoja anataka mpya, mwingine anasema mbona inafanya kazi? Sasa hapo nani asikilizwe?

Kwanza tuelewane. Windows ndiyo programu mama inayoendesha kompyuta nzima. Windows 10 ilitoka mwaka 2015, na huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haikuzimika siku hiyo! Inawaka, inaandika, inapiga muziki kama kawaida. Kilichokoma ni marekebisho ya usalama, yale yanayoziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni hupitia. Ni kama nyumba ambayo fundi wake amehama mji: mlango upo na kitasa kipo, ila kitasa kikilegea hakuna wa kukikaza.

Na matundu hayo si hadithi za kutishana. Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga mafaili ya watu na kudai malipo ndipo kiyafungue. Kilipiga zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150, na huko Uingereza hospitali ziliahirisha miadi ya wagonjwa. Kinachouma ni kwamba Microsoft ilikuwa imeshatoa dawa yake tangu Machi mwaka huo huo. Wengi waliolizwa ni wale ambao hawakuiweka.

BATI AU KOMPYUTA?

Nyumbani kwangu ilikuwa hivi. Mimi naishi Shinyanga mjini na watoto. Baba watoto yuko mgodini Geita, anakaa kambini wiki kadhaa kisha anakuja mapumziko. Siku hizi akipita daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, hakai tena foleni ya kivuko, kwa hiyo anafika mapema na mipango yake yote kichwani. Oktoba mwaka huo alikuja na mmoja: "Mke wangu, hii kompyuta basi tena. Nanunua mpya, hela ipo."

Hela yenyewe naijua, ni ya bati. Kuta za nyumba yetu zimesimama, misimu miwili ya mvua imeshanyesha juu ya matofali. Nikamuuliza kwa upole, "Baba, kwani hii ina tatizo gani?" Akaniambia wenzake kazini wote wameshahamia Windows 11.

Hapo nikagundua kila mtu anaongelea jambo lake. Mwenzangu anaongelea mashine. Mimi naongelea kilichomo ndani: mahesabu ya biashara yangu ya mchele ya miaka minne, majina ya ninaowadai, nakala ya hati ya kiwanja, picha za harusi, na video ya marehemu baba mkwe akitupa baraka. Simu iliyorekodi video ile iliibiwa zamani. Nilipomkumbusha hivyo, baba watoto alinyamaza muda mrefu.

Kuanzia hapo tukaacha neno "mpya", tukajibu maswali matatu kwa mpangilio. Nakupa na wewe.

1. KILICHOMO KIKO SALAMA?

Swali hili linatangulia, hata kama hutabadilisha chochote. Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, kisha weka nakala ya pili mahali pengine kabisa, kwa sababu mwizi au moto ukiingia nyumbani hauchagui. Halafu yafungue kwenye kompyuta nyingine uone kama yanafunguka. Sisi diski ilibaki Shinyanga na flashi ikaenda Geita. Sauti ya baba yake sasa anayo kambini.

2. MASHINE INABEBEKA?

Windows 11 ilitoka Oktoba 2021 na ina masharti. Inataka RAM ya GB 4 au zaidi, nafasi ya GB 64, na chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0. Kwa prosesa za Intel, kwa kawaida inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Kizazi unakisoma kwenye namba: i5-8250U ni kizazi cha 8, i5-7200U ni cha 7. Microsoft pia inatoa programu ya bure, PC Health Check, inayokupa jibu lenyewe.

Ikipita, na kama Windows 10 yako ni halali, kupanda ni bure. Andaa bando la kutosha maana ni GB kadhaa, na usianze betri ikiwa imekufa, si unajua tena umeme wetu! Usipoipenda, una siku 10 za kurudi ulikotoka.

Ya kwetu ni i5-7200U. Ikagoma. Fundi mmoja akatuambia, "Dada, nakuwekea fasta, hayo masharti tunayaruka." Ni kweli inawezekana. Ila Microsoft imeshasema kompyuta iliyopandishwa hivyo haina uhakika wa kupata marekebisho. Sasa ukikosa marekebisho, umepanda kufuata nini? Kubadilishiwa rangi ya madirisha?

3. MFUKO UNASEMAJE?

Hapa kuna njia zaidi ya moja. Kwa watumiaji wa nyumbani Microsoft ilitangaza nyongeza ya marekebisho ya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026, bila malipo kwa anayehifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya Microsoft, au kwa dola 30. Nyongeza ya namna hiyo haiponyi, inakupa muda wa kujipanga tu.

Njia nyingine ni Linux Mint. Ni ya bure, inakimbia vizuri kwenye mashine za zamani, na ina LibreOffice ya kuandikia na kupigia mahesabu. Wala usidhani programu huria ni mambo ya wageni: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Ila kama kazi yako ina programu inayotaka Windows tu, ulizia kwanza.

Ya tatu ni kununua, hata iliyotumika, mradi usome namba ya kizazi kabla hujatoa noti.

Sisi tulichukua ile nyongeza, bati likatangulia, na kila mwezi tukatenga kidogo kwa ajili ya mashine ya kizazi cha 8. Baba watoto alinuna siku mbili hivi, nisikudanganye. Kilichomtuliza ni kukumbuka Buzwagi pale Kahama, mgodi uliofikia mwisho wa shughuli zake mwaka 2021. Mshahara wa mgodini ni mzuri, lakini dhahabu ina siku yake ya kuisha. Siku hiyo mchele wangu na nyumba yenye paa ndivyo vitakavyotulisha na kutustiri, na mahesabu ya mchele yamo humo humo kwenye kompyuta ya zamani.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeleta hela nyumbani, usifike na jibu mfukoni. Muulize kwanza mwenzako anayeitumia kila siku. Na wewe unayebaki nyumbani, usiseme "inafanya kazi" ukaishia hapo. Sema kuna nini ndani, kina thamani gani, na kikipotea mtapoteza nini. Mkishajua hilo wote wawili, suala la Windows ipi mtalimaliza kabla chai haijapoa.