Mvua ya Mawe Ihesabiwe Shuleni

Mkazi wa Chepseon hashangazwi na mvua ya mawe. Hapo ndipo ilipo hatari, kwani tulichokizoea hatukihesabu.

Kericho hutajwa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua hiyo mara nyingi zaidi duniani, takriban siku 50 kwa mwaka. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda nyanda za juu, na ifikapo alasiri mawingu hufura hadi kwenye baridi kali, maji yakaganda. Lakini si kila siku ya mawe ni siku ya hasara. Shamba moja la chai hupukutishwa majani, la jirani lisiguswe. Aliyepigwa huweza kukaa majuma kadhaa bila kuchuma, na karo ya mwanawe yategemea majani hayo hayo.

Nawasihi walimu wa jiografia: kila shule iwe na daftari. Wanafunzi waandike tarehe, saa, ukubwa wa mawe na mashamba yaliyoathirika. Wamarekani walizitambua nyanda zinazokumbwa na vimbunga kwa kuweka kumbukumbu mwaka baada ya mwaka. Nasi tusipoandika, tutaendelea kuiita hasara bahati mbaya. Tahadhari kabla ya hatari.