Udongo wa Juu Usitupwe

Mtu ahamiapo nyumba mpya hupewa hongera kwa mambo mengi: kuta zimenyooka, paa halivuji, milango imepigwa rangi ikapendeza. Ni nadra mgeni kuuliza udongo wa uwani umekwenda wapi. Leo twapenda kuliuliza swali hilo hadharani, kwani kwa maoni yetu lina uzito mkubwa kuliko linavyodhaniwa.

Wako wanaosema kwamba bustani ya maua ni anasa, na kwamba mwenye ardhi ndogo apande muhogo au aache. Hatukubaliani nao. Katika visiwa vyetu ua halikuwa pambo la dirishani tu. Asumini huchumwa alasiri yangali matumba, yakatungwa koja, yakafunguka usiku yamo shingoni mwa bibi harusi. Kikuba hakitimii bila rehani, kilua na langilangi. Hakuna arusi, wala maulidi, wala kisomo ambacho harufu hizo hazikuhudhuria. Na wako kina mama wanaouza asumini jioni wakapata fedha ya kitoweo. Basi atakayeita haya anasa, naaite pia anasa heshima ya nyumba.

Sisi wenyewe tulijifunza jambo hili kwa hasara. Tulipohamia nyumba mpya nje kidogo ya mji, kazi ya kwanza ilikuwa kuchimba tuta la maua mbele ya baraza. Jembe liligonga kokoto, vipande vya matofali na saruji iliyoganda. Tulipanda asumini hivyo hivyo, tukamwagilia asubuhi na jioni. Baada ya majuma machache majani yaligeuka manjano, kisha yakapukutika. Tulidhani ni jua la kaskazi. Bibi mmoja jirani alipita, akainama, akashika konzi ya ule udongo, akatuambia: "Wanangu, hapa hamkupanda kwenye udongo. Mmepanda kwenye mabaki ya fundi. Udongo wenu uliondoka na gari siku ya msingi."

Maneno yake yalikuwa kweli tupu. Siku ya msingi, udongo mweusi wa juu ulikwanguliwa wote na kupakiwa kwenye lori, nasi tulisimama pale tukifurahi kwamba kiwanja kimesafishwa. Udongo huo ndio wenye rutuba. Umetokana na majani yaliyooza kwa miaka mingi, na katika sehemu nyingi unene wake haupiti shubiri moja au mbili. Chini yake chakula cha mmea ni kidogo. Tena saruji ina chokaa, na chokaa ikizidi, mizizi hushindwa kuyapata madini ya chuma yaliyomo ardhini. Ndiyo sababu ya ule umanjano.

Tukafanya kosa la pili. Tulinunua gari moja la udongo mwekundu, mzuri kwa macho. Maua yakashika, tukajisifu. Siku moja tukiwa safarini shamba tuliliona shimo ulikotoka: mikarafuu imesimama ukingoni mizizi ikining'inia, na mvua ya masika imekwisha kulifanya shimo lile bwawa. Bustani yetu ilikuwa imekula shamba la watu. Tangu siku ile harufu ya asumini zetu ina uchungu kidogo.

Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Visiwa vyetu si bara. Udongo wa kinongo, ule wenye rutuba, una mipaka yake, na sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya Unguja ni uwanda, yaani mawe ya matumbawe yenye udongo kidogo katika mashimo yake. Nyumba mpya zinazidi kila mwaka, na ni haki ziongezeke, kwani watu wanaongezeka. Lakini ikiwa kila nyumba itatupa udongo wake, kisha ikachimbe wa mwenziwe, tutakuwa tumeharibu mara mbili kwa kitu ambacho tulikuwa nacho tangu mwanzo.

Liko pia suala la kusakafu. Imekuwa fahari siku hizi kuuziba uwanja wote kwa zege au matofali, ukuta hadi ukuta, usibaki upenyo hata wa mche mmoja. Mvua ikinyesha, maji ambayo yangezama ardhini hukimbilia njiani, na kutoka njiani huingia kwa jirani aliye bondeni. Tuta la maua la hatua mbili kwa nne haliwezi kuzuia mafuriko peke yake. Matuta ya mtaa mzima yanaweza kuyapunguza.

Kwa hiyo twawaomba wakuu wa Serikali wanaohusika na ardhi na ujenzi wayafikirie mambo matatu. Kwanza, kibali cha ujenzi kimtake mjenzi aulimbike udongo wa juu pembeni mwa kiwanja kabla ya kuchimba msingi. Pili, sehemu fulani ya kila kiwanja iachwe wazi bila kusakafiwa, na majumba ya ghorofa yanayojengwa kwa fedha za umma yatengewe ardhi ya kupanda, siyo maegesho peke yake. Tatu, vitalu vya miche vya Serikali visiishie kwenye minazi na mikarafuu; viotesheni pia mikilua, milangilangi na asumini, vikauze kwa bei ambayo mtu wa kawaida aiweza.

Tunajua yatakayosemwa. Itasemwa maji hayatoshi. Ni kweli, lakini maji ya kutawadhia na ya kuoshea mboga yanatosha tuta dogo. Itasemwa bustani huleta mbu. Mbu hawazaliwi na ua. Huzaliwa na maji yaliyotuama katika visahani na makopo, na mwenye bustani anapaswa kuyamwaga kila juma bila kukosa, hasa kwa kuwa mbu aenezaye homa ya dengi hupenda vyombo kama hivyo. Hoja hizi ni za kutengeneza, si za kukatazia.

Nasi wananchi tusingoje amri. Anayejenga sasa amwambie fundi wake leo hii: udongo wa juu usiondoke. Aliyekwisha kujenga achambue kifusi, achanganye samadi na majani yaliyooza, asubiri masika au vuli ndipo apande. Mlangilangi usiwekwe karibu na ukuta, kwa maana huwa mti mkubwa. Asiye na ardhi, rehani huota hata katika kopo. Na wa kwanza kupata amkatie jirani kijiti, kama bibi yule alivyotukatia sisi.

Haba na haba hujaza kibaba. Ujenzi wa nyumba huchukua mwaka au miwili. Konzi ya udongo mwema imechukua umri wa wazee wetu. Tuitunze siku ya msingi, ili siku ya kuhamia tuwe na mahali pa kupanda.